Muziki kwa watoto wetu: tusiwape nusu

Kila mwaka ifikapo Septemba, shule za hapa Uingereza zinapofunguliwa, watoto hurudi nyumbani na barua kwenye mabegi yao. Barua hiyo huwauliza wazazi kama wangependa mtoto ajifunze ala ya muziki: kinanda, fidla, gitaa, tarumbeta, ngoma. Chini yake huwekwa bei. Wazazi wenzetu wanaozungumza Kiswahili huisoma mara mbili, kisha hugawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza hulipa, kwa sababu jirani naye analipa na kwa sababu wamesikia kuwa muziki unaongeza akili. Kundi la pili huikunja barua na kuitia kwenye droo, wengine kwa sababu ya pesa, wengine kwa sababu ya dini. Kundi la tatu hucheka na kusema kuwa kwetu muziki haufundishwi darasani, mtoto anazaliwa nao.

Ndugu wasomaji, kila kundi lina haki yake kwa kiasi fulani. Lakini yote matatu yanaruka swali moja ambalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Mtoto akifundishwa muziki, afundishwe nini hasa ili iwe elimu na isiwe pambo la sebuleni?

Viungo vya elimu kamili

Walimu wa muziki wa watoto wanatofautiana katika mengi, lakini ukiwasikiliza kwa makini utakuta orodha yao inafanana. Mtoto anahitaji kusikiliza, kuimba, kuutumia mwili wake kushika mapigo, kupiga ala, kusoma na kuandika muziki, na kutunga chake mwenyewe. Juu ya hayo anahitaji kujua wimbo anaouimba umetoka kwa nani na huimbwa lini.

Kiungo kimoja kikikosekana, mwili wote unachechemea. Tunawajua watoto hapa waliofaulu mtihani baada ya mtihani wa kinanda, lakini ukiondoa karatasi mbele yao hawawezi kupiga hata wimbo mfupi walioukariri kwa masikio. Vilevile tunawajua vijana kule nyumbani ambao mikono yao kwenye ngoma ni ajabu tupu, lakini wakiitwa kwenye okestra au studio na kukabidhiwa karatasi ya nota wanarudishwa mlangoni. Mmoja amepewa macho bila masikio, mwingine masikio bila macho. Wote wawili wamepewa nusu.

Somo kutoka Hungaria

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa undani kuliko wengi alikuwa Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki aliyezaliwa mwaka 1882 katika mji wa Kecskemét nchini Hungaria. Mwaka 1905 alianza kuzunguka vijijini kukusanya nyimbo za wakulima, na punde akafuatana katika kazi hiyo na mwenzake Béla Bartók. Wakati huo wakubwa wa Budapest waliziona nyimbo hizo kuwa za kishamba. Muziki wa maana, kwa fikra zao, ulikuwa ule wa Kijerumani. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi hali ya namna hiyo, kwani anaijua.

Kodály alishikilia kuwa mtoto aanze na wimbo wa lugha ya mama yake. Ala ya kwanza ni koo lake, ambalo halina bei, halivunjiki njiani na kila mtoto analo, wa tajiri na wa maskini. Akishaujua wimbo kwa masikio na kwa kinywa, ndipo aoneshwe unavyoandikwa. Ala huja baadaye, tena inamkuta mtoto ambaye tayari anasikia muziki kichwani mwake.

Mwaka 1950 shule ya msingi ya kwanza ya mtindo huo ilifunguliwa huko huko Kecskemét, ambako watoto waliimba kila siku ya masomo. Baadaye shule za aina hiyo zikapita mia moja nchini. Kodály alifariki mwaka 1967, na mwaka 2016 UNESCO ikauingiza mfumo wake katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi wa nyimbo za jadi.

Tuangalie kidogo jinsi kazi inavyofanyika darasani, kwani hapo ndipo siri ilipo. Mwalimu huonesha kila sauti kwa ishara ya mkono, na watoto huimba kwa kuufuata mkono wake. Mapigo marefu na mafupi hupewa majina mepesi ya kutamka, hivyo mtoto husoma mapigo kabla hajajua jina lolote gumu. Kisha kuna zoezi moja zuri sana. Watoto huimba mstari wa kwanza kwa sauti, mwalimu akiwapa ishara wanaendelea kimoyomoyo, na akiwapa ishara nyingine wanatoa tena sauti. Wakiingia wote pamoja, mahali panapostahili na kwa sauti inayostahili, mwalimu anajua kwamba wimbo haukukatika ndani ya vichwa vyao. Zoezi hilo halihitaji kinanda wala umeme.

Si yeye peke yake. Émile Jaques-Dalcroze wa Geneva aliwafundisha watoto muziki kwa kutembea, kuruka na kusimama. Carl Orff wa Munich, pamoja na Gunild Keetman, waliwapa watoto ngoma na marimba ndogo na kuwaacha wabuni. Marimba hizo ziliundwa miaka ya 1920, na miongoni mwa mifano iliyotumika ilikuwa marimba iliyotoka Afrika. Kwa hiyo mzazi anayeona marimba katika darasa la mwanawe huku Ulaya asidhani ni kitu cha Kizungu kitupu.

Do, re, mi tuliyoizoea

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ishara za mikono za Kodály hazikubuniwa Hungaria. Asili yake ni hapa hapa Uingereza, kwa mchungaji wa karne ya 19 aitwaye John Curwen, ambaye naye alijenga juu ya kazi ya mwalimu wa Norwich, Sarah Glover. Curwen alitaka watu wa kawaida wasioweza kununua kinanda waweze kusoma muziki. Akawaandikia kwa herufi: d, r, m, f na kuendelea.

Wamisionari waliubeba mfumo huo wa herufi hadi Afrika. Msomaji yeyote aliyewahi kuimba kwaya Moshi, Bukoba au Kisumu anaikumbuka karatasi ile yenye herufi, nukta na vistari, na mwalimu wa kwaya anayeanza kwa kuwapa watu "do" yao. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika na kuiandika kwa herufi hizo hizo. Tuni yake leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Zambia, na ni sehemu ya ule wa Afrika Kusini. Mwalimu wa watoto, kwa herufi za watu wasio na kinanda, aliandika tuni inayosimamisha mataifa matatu.

Kenya nayo ina hadithi yake. Tuni ya wimbo wake wa taifa, uliotayarishwa kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana. Tena haukuwa wimbo wa vita wala wa wafalme. Ulikuwa wimbo wa mama wa kubembeleza mtoto. Anayedharau nyimbo za bibi yake na akumbuke hilo kila bendera inapopandishwa.

Hali ilivyo nyumbani

Zamani mtoto wa pwani alijifunza muziki kwa kuchungulia. Historia ya taarab ya Unguja inasimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika umaskini wa kijijini, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Katika miaka yote hiyo mtoto aliyependa muziki alisimama dirishani mwa klabu, akaagizwa maji, akabeba udi wa mtu mzima, na siku moja akaambiwa akae.

Njia hiyo ililea mafundi wakubwa. Lakini ilimhitaji mzee aliye hai na mwenye subira, na ilimhitaji mtoto wa kiume zaidi kuliko wa kike. Mzee alipofariki, alivyovijua vilizikwa naye.

Ndiyo maana tunakipa uzito mkubwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofahamika kwa kifupi cha Kiingereza DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 na kukaa kwa miaka mingi katika jengo la Forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Humo taarab, kidumbak na ngoma vilifundishwa pamoja na kusoma nota. Udi, kanuni, fidla na dufu vilikaa chumba kimoja, na wasichana waliingia kwa mlango ule ule wa wavulana. Kwa maneno mengine, viungo vilikutana.

La kusikitisha ni kwamba mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kuwa kiko katika hatari ya kufungwa. Fedha za wafadhili wa nje zilikuwa zimepungua, na ada za wanafunzi, ambao wengi hawana uwezo, hazikutosha kulipa walimu. Sisi tulioko nje tulisoma habari hiyo kwenye simu zetu na kutumiana alama za huzuni. Lakini chuo hakilipi mishahara kwa huzuni. Taasisi ya aina hii ikitegemea ukarimu wa wageni peke yake, uhai wake unakuwa mikononi mwa mtu asiyeujua hata wimbo mmoja unaofundishwa humo.

Nairobi, katika mtaa wa Korogocho ulio jirani na jaa la taka la Dandora, mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge umekuwa ukiwafundisha watoto fidla, tarumbeta na uimbaji wa okestra tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Hali kadhalika, Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, bado linazikutanisha shule za nchi nzima kwa nyimbo za makabila na kwaya. Bagamoyo ina chuo chake cha sanaa tangu mwaka 1981, ambako Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze wa Wagogo aliyefariki mwaka 2003, alifundisha.

Mbegu basi zipo. Kinachokosekana ni darasa la kawaida la shule ya kawaida. Katika shule nyingi muziki ni kipindi kinachokatwa mtihani ukikaribia, au ni mazoezi ya wiki tatu kabla ya mashindano, halafu kimya hadi mwaka ujao. Mtoto anafundishwa wimbo mmoja wa kushindana. Kombe likipatikana, ala zinafungiwa stoo.

Wapo watakaosema serikali zetu hazina uwezo. Tuitazame Oman, ambako wasomaji wetu wengi wana jamaa. Mwaka 1985 Sultani Qaboos aliamuru iundwe okestra ya Waomani wenyewe, na wakachukuliwa vijana wadogo kufundishwa kuanzia sifuri. Mwaka 1987 walipiga hadharani. Tukubali kwamba Oman ina mafuta. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1980 nchi hiyo ilianzisha pia kituo cha kukusanya na kuhifadhi muziki wake wa jadi. Waliitaka fidla, na wakati huo huo hawakuitupa ngoma. Uamuzi wa kushika vyote viwili hauhitaji pipa hata moja la mafuta.

Hapa ughaibuni

Tukirejea kwa watoto wetu wa huku, hali ni ya kinyume: vifaa vipo, mizizi haipo. Mpango wa taifa wa elimu ya muziki uliotolewa Uingereza mwaka 2022 unataka kila shule impe mtoto wa miaka 5 hadi 14 angalau saa moja ya muziki kwa wiki. Kwa maandishi ni mpango mzuri. Kwa vitendo, saa hiyo hutegemea mwalimu mkuu anapenda nini na mfuko wa shule una nini.

Wazazi wenye nafasi hukimbilia mitihani. Mojawapo ya bodi kongwe za mitihani hiyo ilianzishwa mwaka 1889 na ina madaraja manane. Mtihani wake wa kawaida si mbaya: mtoto hupiga vipande vitatu, hupanda na kushuka ngazi za sauti, husoma karatasi ambayo hajawahi kuiona na hupimwa masikio. Lakini tangu mwaka 2020 ipo pia njia nyingine ambayo mtoto hupiga vipande vinne tu mbele ya kamera na kutuma video. Mzazi asipoangalia, mtoto atakariri vipande vinne mwaka mzima, apate cheti, cheti kitundikwe ukutani, na mambo yaishe hapo.

Kuna msaada ambao wengi wetu hatuuombi kwa kutojua. Kila eneo la England linahudumiwa na kituo cha muziki kinachopata ruzuku ya serikali. Vituo vingi hukodisha au huazimisha ala, na vingi hupunguza au hufuta ada kwa watoto wanaopata chakula cha bure shuleni. Aibu ya kuuliza inawanyima watoto haki yao. Ulizeni ofisi ya shule, kwa simu au kwa barua.

Suala la dini

Tunajua kwamba kwa familia nyingi za Kiislamu ala za muziki ni jambo lenye khitilafu, na sisi si mamufti. Kila mzazi na amwendee mwanachuoni anayemwamini. Tunachotaka kusema ni kwamba kati ya kukataa ala na kumnyima mtoto sauti kuna nafasi kubwa.

Kisomo cha Qur'ani si muziki, wala hakuna anayekiita hivyo. Hata hivyo mtoto aliyekaa chuoni kwa mwalimu wake akarudia aya hadi pumzi na makhraji vikakaa sawa, huyo amefunzwa kusikiliza kwa namna ambayo walimu wengi wa muziki huku wangeionea wivu. Kasida za maulidi zimewafundisha watoto wetu kuimba kwa pamoja kabla ya shule yoyote. Kwa hiyo mzazi asiyetaka fidla nyumbani bado anaweza kumpa mwanawe kusikiliza, kuimba, kushika mapigo na kutunga mashairi. Katika viungo tulivyovitaja, hivyo ni vingi.

Msiuziwe maneno

Lipo pia jambo la akili. Mwaka 1993 watafiti wa California walichapisha habari kwamba wanafunzi wa chuo kikuu waliosikiliza Mozart walifanya vizuri zaidi zoezi moja la kupima maumbo. Faida yenyewe ilidumu kama dakika 10 hadi 15. Watafiti hawakumpima mtoto hata mmoja. Lakini wafanyabiashara walizipanda habari hizo kama farasi, na mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Hadi leo kuna wanaowauzia wazazi ahadi hiyo.

Mtoto hapewi muziki ili apate alama za hesabu. Anapewa ili aweze kukaa na wenzake na kusikilizana, aweze kusema lile ambalo maneno matupu hayalisemi, na ajue kuwa anatoka kwa watu. Mtoto wa mkimbizi au wa mhamiaji analihitaji hilo la mwisho kuliko mwenzake. Sisi tulioondoka kwa sababu ya kalamu zetu tuliacha nyumba, makaburi na vitabu. Wimbo haukaguliwi uwanja wa ndege.

Tufanye nini?

Kwanza, mtoto mchanga aimbiwe, na aimbiwe na mtu, isiwe na simu. Baba naye aimbe, hata kama sauti yake ni ya chura.

Pili, kati ya miaka 5 na 7 acheze michezo ya makofi, ya kuruka kamba na ya kuzunguka duarani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kabila lake. Huo ndio msingi wa mapigo.

Tatu, akifika miaka minane au tisa apewe ala kama familia inaridhia, na mwalimu aulizwe waziwazi: je, utamfundisha kuimba anachokipiga? Utamwacha atunge? Mwalimu akishangaa maswali hayo, tafuteni mwingine. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima ya ugomvi Jumapili.

Nne, vyama vyetu vya ughaibuni, ambavyo kila mwaka hukodi ukumbi na kulipa mwanamuziki kutoka nyumbani kwa usiku mmoja, vimwombe mgeni huyo abaki asubuhi moja na watoto. Na sehemu ya kiingilio cha usiku huo, hata kama ni ndogo, itumwe kila mwaka kwa chuo kimoja cha muziki cha watoto kule nyumbani, ili kisisubiri huruma ya mbali.

Tano, nyimbo zikusanywe kabla hazijatoweka. Kodály alihitaji mashine nzito ya kurekodi na safari za miguu. Nyinyi mna simu mfukoni. Andikeni jina la mwimbaji, kijiji chake, na wimbo huimbwa wakati gani, kwani wimbo usio na maelezo hayo ni kama picha isiyo na jina nyuma.

Bibi wa Tanga, Lamu au Bukavu akipiga simu Jumapili hii, msiishie kwenye hali ya afya na bei ya mchele. Mwekeni kwenye spika, waiteni watoto, mwombeni aimbe kile alichowaimbia nyinyi, na muwe mnarekodi.